Jahazi la Angani

Wapo watu wazima wengi wasemao kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto wadogo, na kwamba kijana aliyekwisha kuingia shule ya sekondari apaswa kuona haya akionekana nazo mkononi. Sikubaliani nao, walakini siwabishii kwa jeuri, maana baadhi yao ni walimu wenzangu na wengine ni wakubwa wangu wa kazi. Najua ziko hadithi za picha zilizo duni, kama nijuavyo kwamba viko vitabu vya maneno matupu vilivyo duni zaidi. Lakini tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimefundisha Kiswahili huku Kakamega kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo hakuna kitabu kilichozusha ubishi wa maana darasani kwangu kuliko kitabu kimoja cha picha kilichotungwa Marekani kabla mimi sijazaliwa. Kwa kuwa huenda baadhi yenu hamjapata kukiona, yafaa nikieleze.

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo uitwao Star Trek. Kisa chake ni cha chombo kikubwa, Enterprise, kisafiricho katika anga za mbali karne kadhaa baada ya zama zetu, chini ya nahodha aitwaye Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni mwanadamu na baba yake siye, mtu wa fikra baridi na masikio yaliyochongoka. Yupo tabibu mwenye hasira za karibu, yupo mshika usukani wa asili ya Asia, na mbele ya mitambo ya kupokea salamu huketi mwanamke Mwafrika, ambaye nitamrudia. Mchezo ulidumu miaka mitatu na vipindi 79, kisha ukakomeshwa mwaka 1969. Hadithi zake za picha, zilizoanza kuuzwa mwaka 1967 kwa senti 12 za Marekani, hazikukoma pamoja nao. Kampuni iliyotumia jina la Gold Key iliendelea kuzitoa hata mwaka 1979, jumla matoleo 61. Kisha wakazishika Marvel, na DC, na wengine baada yao, hata katika karne hii. Nakala yangu ni mkusanyo wa matoleo ya mwanzo uliopigwa chapa upya mwaka 2014. Aliniletea ndugu yangu aliyekuwa masomoni Uingereza, naye alidhani nitacheka kidogo na kuiweka kando.

Jambo la kwanza la ajabu ni kwamba waliozichora hadithi zile hawakuwa Wamarekani waliokuwa wakiutazama mchezo kila wiki. Walikuwa Waitalia. Aliyezichora kwa muda mrefu, Alberto Giolitti, alikuwa na karakana yake Roma, na mchezo wenyewe haukuwa ukionyeshwa nchini kwake wakati ule. Alipelekewa picha chache na maelezo, basi akachora. Kusikia si kuona. Ni sawa na mtu wa Kakamega ambaye hajapata kufika pwani, aambiwe achore jahazi la Lamu kwa masimulizi ya msafiri: atalichora vizuri, lakini baharia wa Lamu atatabasamu. Ndiyo sababu katika kurasa zile za mwanzo chombo cha Enterprise hutoa ndimi za moto nyuma ya mitambo yake, ilhali katika televisheni hakitoi moto wowote.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili hakujali habari za Roma. Alitaka kujua moto huo wawakaje mahali pasipo hewa. Nilimtuma kwa mwalimu wa fizikia, akarudi mbio kuniarifu kwamba roketi hubeba oksijeni yake yenyewe pamoja na mafuta yake, na kwa hiyo huwaka hata pasipo na hewa. Mchoraji, alisema, amekosea chombo lakini hakukosea sayansi. Kwa maoni yangu jibu hilo peke yake lilitosha kulipia bei ya kitabu.

Lakini ubishi niliokwisha kuutaja haukutokana na moto wa mitambo. Ulitokana na hadithi ya kwanza kabisa, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Sayari ya Kwenda Bila Kurudi. Enterprise yafikia sayari moja ambapo mimea ndiyo itawalayo. Chembe zake za uzazi, ndogo kama vumbi, huelea hewani, na kiumbe aguswaye nazo hugeuka mmea. Wachache katika watu wa chombo washuka kuitazama sayari hiyo. Wapatwa na hatari kubwa. Waokolewa kwa shida. Ndipo chombo, kwa amri ya Spock, chaizunguka sayari na kuiunguza kwa miale mikali, ili chembe zile zisije zikafika katika dunia nyingine. Msitu wa sayari nzima wateketezwa katika picha chache. Kisha safari yaendelea.

Msomaji akumbuke mahali nifundishapo. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua ambao zamani uliungana na misitu ya Kongo, na katika Kenya hakuna mwingine wa namna yake. Wanafunzi wangu huusikia usiku. Wamekula uyoga wake, wametafuna mukombero uliochimbwa ndani yake, wamewatazama mbega wakirukaruka huku mikia yao meupe ikipepea, na si wachache walioponywa tumbo kwa gome lililobanduliwa humo. Pia wamechapwa na bibi zao kwa kuingia humo bila ruhusa. Watoto kama hawa hawawezi kusoma habari ya msitu mzima kuteketezwa kisha wakageuza ukurasa kimyakimya.

Mvulana mmoja, mtoto wa mkulima, alisimama kumtetea Spock. Alisema kwamba mkuu wa chombo huwafikiri watu wake kwanza. Alitukumbusha viwavijeshi, waliovamia mahindi yetu mwaka 2017: je, yuko mkulima aliyewaomba radhi kabla ya kunyunyiza dawa? Darasa lilipiga makofi, na kwa kweli hoja ilikuwa nzuri. Hapo akasimama msichana asiyependa kusema sana, akajibu kwa sauti ndogo: "Viwavijeshi walikuja katika shamba letu. Hawa walikwenda katika shamba la mimea." Makofi yalikoma. Sijapata kusikia jibu fupi kuliko hilo likifanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kutoka hapo sikuwa na haja ya kuongoza mazungumzo. Mvulana mwingine, ambaye kwao ni Rosterman, mahali palipobaki na jina la mgodi baada ya mgodi wenyewe kufa, alieleza alivyosimuliwa na babu yake. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931. Wageni wakamiminika na machepeo na mahema. Na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ya ardhi za wenyeji, ili sehemu itakiwayo kwa uchimbaji iweze kutwaliwa pasipo kuwapa wenye nchi ardhi nyingine badala yake. "Nao pia walishuka tu," alisema. Nikawaambia kwamba mchezo wa televisheni wenyewe, tangu mapema mwaka 1967, ulikuwa na amri iliyokataza watu wa chombo kuingilia maisha ya wenyeji wa sayari wanazozizuru, na kwamba yaelekea mtunzi wa hadithi ya picha hakuitia maanani amri hiyo. Wengine walimlaumu. Mimi namshukuru, maana kama angeifuata tungalisoma kisa cha watu wema wakitenda wema, tukafunga kitabu tukaenda kula.

Baada ya siku ile niliwapa kazi ya kutia maneno ya kitabu katika Kiswahili, kila kikundi kurasa zake. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu msomi nimpendaye, alinionya kwamba nitawachosha bure, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya soko na hadithi za sungura, hakina maneno ya mambo kama hayo. Nilisikitika kumsikia, maana ni neno ambalo wengi hulisema bila kulipima. Basi tulilipima. Kirk ni nahodha, na hatukuwa na haja ya kutafuta neno jingine. Chombo chake chaweza kuwa jahazi. Kina usukani, kina shehena, kina mabaharia, na msimamizi wa mabaharia watu wa pwani humwita serahangi. Sayari tunazo kwa majina yake tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Kilimia ni nyota zilizowaongoza wakulima katika majira ya kulima kabla ya kuwapo kalenda za ukutani. Lugha ya watu waliovuka bahari usiku kwa kuzitazama nyota, je, yashindwaje kueleza safari ya kwenda huko huko nyotani?

Sitasema kwamba hapakuwa na taabu. Tulikwama kwa siku mbili kwenye mtambo ule umtoao mtu chomboni na kumtokeza ardhini kwa kufumba na kufumbua. Kikundi kimoja kilipendekeza "kurushwa kwa miale", kingine "kuyeyushwa na kuundwa upya", na waliobaki wakashikilia neno "kushushwa", kwa kuwa, walisema, mtu akishuka kwenye matatu hatuelezi jinsi mlango ulivyofunguka. Kura zilikwenda kwa "kushushwa". Mimi nilipenda la pili, lakini kura ni kura.

Katika kazi hiyo ndipo msichana mmoja aliponiuliza kama yule mwanamke wa mitambo ya salamu, Uhura, aliitwa kwa jina la sayari Zuhura na herufi moja ikaanguka njiani. Swali lilinifurahisha, ijapokuwa jibu ni jingine. Nichelle Nichols, mwigizaji wake, amesimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua riwaya iitwayo Uhuru, iliyotungwa na Mmarekani Robert Ruark mwaka 1962 juu ya Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Wenye mchezo walilipenda neno lile, wakailainisha herufi yake ya mwisho, na mwanamke akapata jina. Waandishi walimfanya kuwa mzaliwa wa dola moja ya kubuni iliyoiunganisha Afrika. Katika mfululizo wa karibuni, ulioanza mwaka 2022, yasemwa waziwazi kwamba kwao ni Kenya. Jina lake la kwanza, lililotamkwa katika filamu ya mwaka 2009, ni Nyota.

Msidhani kwamba jina kubwa lilimpa kazi kubwa. Katika hadithi za picha za mwanzo aghalabu Kirk na Spock ndio watendao. Uhura hupokea salamu na kuzipeleka. Wasichana wangu waliliona hilo kabla yangu, wakalisema kwa ukali. Walakini kuonekana kwake kulikuwa na nguvu ambayo watungaji hawakuikadiria. Nichols alitaka kuacha mchezo baada ya mwaka wa kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemsihi abaki ni Martin Luther King. Mwaka 1977 alianza kuisaidia NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kufundishwa urubani wa anga. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, aliyepaa mwaka 1992, amesema kwamba utotoni alimtazama Uhura.

Sasa nataka tushuke kutoka Kakamega hata pwani, kwa kuwa neno lile lililoazimwa kwetu lilirudi nyumbani upesi kuliko wengi wajuavyo, nalo lilirudi kwa mkono wa watu wa Roma. Ng'ambo ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, majukwaa ya chuma yalisimamishwa baharini juu ya miguu yake, na kazi hiyo iliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka hapo iliruka mwezi Aprili 1967, mwaka ule ule ambao hadithi za picha za Star Trek zilianza kuuzwa. Sababu ya kuchagua pwani yetu ni ya hesabu tupu. Dunia hujizungusha kwa kasi kubwa zaidi penye ikweta kuliko penginepo, na chombo kirushwacho karibu na ikweta hupata msukumo huo bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Wamarekani na Waitalia walirusha kutoka Ngomeni setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, basi sharti ifuatwe juu. Kwa heshima ya sikukuu ile setilaiti ikaitwa Uhuru, na safari hii herufi ya mwisho haikuguswa. Ilifanya kazi hata mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339 vya miale hiyo, na kimoja katika alivyovichungua mtambo huo, katika kundi la nyota la Cygnus, kiliwasaidia wataalamu kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza uchunguzi huo, alizaliwa Italia, na mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Nilipowasimulia wanafunzi habari hii walikaa kimya, kisha mmoja akauliza kwa uchungu kwa nini hawajapata kuona hadithi ya picha juu ya jambo hilo. Giolitti alikuwa Roma akichora chombo ambacho hajapata kukiona. Wavuvi wa Ngomeni walikiona chombo cha kweli kikipaa juu ya ngalawa zao, na sisi tuliozaliwa baadaye hatukuonyeshwa picha yake darasani. Sikuwa na jibu la kumpa ila kalamu na karatasi.

Yule msichana aliyesema juu ya shamba la mimea alizipokea kwa bidii kuliko wenziwe. Alichora muhula mzima, katika daftari la hesabu kwa kuwa miraba yake humsaidia kupima. Wakati wa likizo baba yake aliliona. Siku moja alikuja shuleni na daftari hilo, amelizungushia gazeti. Ni mkulima wa miwa, mtu mpole, na mwaka ule malipo ya miwa yalikuwa yamechelewa mno, hata karo ya binti ilikuwa haijatimia. Alikaa, akatoa kofia, akaniuliza: "Mwalimu, katika hii mna ugali?"

Mzazi aulizaye hivyo hastahili kupewa hotuba. Nilimwambia niyajuayo. Nilimtajia Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye kuanzia mwaka 1992 alichora vibonzo katika gazeti la Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, akajulikana katika nchi nyingi. Nilimtajia Shujaaz, hadithi za picha zilizoanza kutolewa Kenya mwaka 2010, ambazo zimewapa kazi vijana wachoraji na waandishi. Kisha nikamwambia na upande wa pili, kwamba walao kwa kalamu hiyo ni wachache, na kwamba binti yake apaswa kushika hesabu na Kiingereza vilevile. "Wachache," alirudia, akatikisa kichwa kama mtu apimaye mzigo.

Akaanza kufungua kurasa. Hadithi yenyewe ni hii: chombo chatokea juu ya msitu wa Kakamega, nahodha wake ni mwanamke, naye akataa kushuka, kwa kuwa hakuna aliyewakaribisha. Wakaa juu siku saba wakitazama. Chini yao bibi kizee mmoja, aliyeingia msituni kuchimba mukombero, ainua macho na kuwaona.

Mzee alisimama kwenye picha ya mti, akaikaribia kwa macho, akaiweka mbali, akaikaribia tena. "Huu ni mkuyu wetu wa mtoni," alisema. "Tawi hili la chini lilivunjwa na upepo mwaka juzi. Amelichora limevunjika." Alitazama tena kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama yule bibi kizee atawakaribisha wageni wale au atawafukuza. Nilimjibu kwamba hadithi haijaisha, nami sijui.

Akalifunga daftari, akalizungushia gazeti lake kama lilivyokuwa, akavaa kofia. Alisema atakwenda kumwuliza mwenyewe.